Kwa nini nagana humuua ng'ombe na kumwacha mchungaji wake

Katika vijiji vya wafugaji vilivyopakana na tambarare za Mkata, kati ya mji wa Kilosa na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, liko jambo ambalo kila mtoto mchungaji hulishuhudia kabla hata hajajua kusoma. Kundi hupelekwa malishoni asubuhi, likapita pembezoni mwa vichaka. Mbung'o hutoka kivulini, akamuuma ng'ombe ubavuni, kisha akarukia shingo ya mtoto akamuuma naye. Mtoto hujikuna, ngozi ikavimba kidogo, na baada ya siku mbili tatu amekwisha kusahau. Ng'ombe, baada ya majuma machache, huanza kubadilika. Manyoya husimama, macho hutiririka machozi, maziwa hukauka, mimba huharibika, mbavu huhesabika moja moja, na mwisho mnyama huanguka njiani kabla hajafika majini. Mbung'o ni yule yule, na huenda hata kimelea alichokimimina katika damu hizo mbili ni kile kile. Basi kwa nini mmoja afe na mwingine asipate hata homa ya siku moja?

Swali hili huletwa kwetu kila unapokaribia mwezi wa Dhul-Hijja, wakati kamati ya msikiti inapotafuta ng'ombe wa udhiya kutoka kwa wafugaji wa upande wa Parakuyo na Twatwatwa. Waumini wanajua kwamba mnyama mwenye ugonjwa ulio dhahiri, au aliyekonda hata uboho umemwisha mifupani, hafai kwa ibada hiyo. Kwa hiyo nagana ndiyo huturudisha mikono mitupu katika mazizi mengi. Muuzaji akikataliwa ng'ombe wake huuliza: je, nyama hii ikipikwa nyumbani itawadhuru watoto? Jibu ni kwamba nagana haiambukizwi kwa nyama iliyopikwa. Jambo la kuuliza ni tarehe ya sindano ya mwisho, kwa maana dawa hubaki mwilini mwa mnyama kwa siku kadhaa, na idadi ya siku hizo imeandikwa katika karatasi ya dawa. Ama ni kitu gani kinachomlinda mwanadamu dhidi ya kimelea chenyewe, hilo halijibiki kwa sentensi moja, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Nagana ni neno lililotoka kwa Wazulu. Mwaka 1895, daktari wa kijeshi aitwaye David Bruce alikuwa katika nchi yao, mahali paitwapo Ubombo, akiichunguza damu ya ng'ombe wagonjwa kwa hadubini. Aliona ndani yake kiumbe kirefu chembamba, chenye mkia kama unywele, kikijinyonganyonga katikati ya chembe nyekundu. Kiumbe hicho baadaye kikapewa jina lake: Trypanosoma brucei. Anao ndugu zake wawili, congolense na vivax, nao ndio wanaoangamiza ng'ombe wengi zaidi. Lakini brucei ndiye aliyechunguzwa kwa kina kuliko wote, nami nitamfuata yeye.

Mfaransa Alphonse Laveran, aliyekuwa amekwisha kugundua kimelea cha malaria huko Constantine, Algeria, mwaka 1880, aliandika mwaka 1902 habari ya jaribio lililowashangaza wenzake. Alichukua panya wenye vimelea hivi damuni, akawadunga majimaji ya damu ya mwanadamu, yale yanayobaki chembe zikishaondolewa. Vimelea vikatoweka. Majimaji ya damu ya ng'ombe, kondoo au farasi hayana nguvu hiyo. Ikawa wazi kwamba katika damu ya mtu mzima wa afya imo sumu ambayo haimdhuru mwenyewe, bali humuua mgeni huyu mmoja. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kuelewa namna sumu hiyo inavyomjua adui wake.

Neno "kujua" hapa ni la kuazima tu, kwani sumu haina akili. Na ili tuelewe namna kitu kisicho na akili kinavyoweza kuchagua, hatuna budi kuitazama protini kwa karibu.

Tumezoea kuisikia protini kliniki, mama anapoambiwa ampe mtoto maharage, mayai na dagaa. Mwilini, protini ni mnyororo. Pingili zake huitwa asidi amino, nazo ni aina 20, zikiungwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio ulioandikwa katika vinasaba. Mnyororo ukishaungwa haukai umenyooka. Hujikunja wenyewe mpaka upate umbo lake, lenye vilima na mabonde, mifuko na ncha. Umbo hilo ndilo lenye kufanya kazi. Damu ya mtu imejaa protini za maelfu ya aina, zote zikielea katika maji yale yale na kugongana bila kukoma. Lau kama zingekuwa na tabia ya ulimbo, ule utomvu ambao watoto huupaka matawini kunasia ndege na ambao hunasa ndege, jani na kidole bila kubagua, damu yote ingegeuka donge moja.

Protini ina tabia ya mpini na jembe. Mpini uliochongwa kwa tundu la jembe fulani hukaa humo hata ukilima shamba zima. Uchukue mpini huo huo uutie katika tundu la shoka, utacheza na kuchomoka katika pigo la kwanza. Lakini hata mfano huu una mipaka, kwa sababu jembe hushika kwa umbo na msuguano tu, ilhali protini hushika kwa mambo zaidi ya hayo. Baadhi ya pingili zake zina chaji chanya na nyingine chaji hasi, na chanya huvuta hasi. Nyingine hukimbia maji, kama yale matone ya mafuta juu ya mchuzi yanayotafutana na kuungana. Uso wa protini moja wenye sehemu kama hizo ukikutana na uso wa pili wenye sehemu kama hizo, maji husukumwa nje kutoka katikati yao na nyuso hizo hukaa pamoja.

Kila kimojawapo cha vishikizo hivi, kikiwa peke yake, ni hafifu mno. Mtu wa Kilosa ataelewa kwa haraka nikimkumbusha mkonge. Uzi mmoja wa mkonge unaukata kwa vidole, bali kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mia inafunga fahali. Protini mbili zinazofaana huwa na vishikizo vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja. Zisizofaana hugusana kwa vishikizo viwili vitatu, kisha zikaachana kufumba na kufumbua. Kwa hakika protini hugusa kila inachokutana nacho. Tofauti iko katika muda: kisichofaa huachwa mara moja, kinachofaa hushikwa kwa dakika, saa, hata siku. Na kwa kuwa kamba ni nyuzi nyingi zinazosaidiana, kuondolewa kwa pingili moja au mbili mahali pake nyeti kwaweza kuilegeza yote. Naomba msomaji alishike hili, maana uhai wa watu umesimama juu yake, kama tutakavyoona.

Sasa turudi kwa kimelea. Trypanosoma brucei ana upungufu mmoja: hawezi kujitengenezea hemu, kile kiini chenye chuma kinachoipa damu wekundu wake. Hana budi kuipata kwa mwenyeji wake. Chembe nyekundu za damu zinapozeeka na kupasuka, himoglobini iliyomo humwagika katika majimaji ya damu. Humo mna protini iitwayo haptoglobini, ambayo kazi yake ni kuikamata himoglobini hiyo isije ikaharibu figo na mishipa. Mshiko wao ni miongoni mwa mishiko migumu kabisa inayojulikana mwilini. Kimelea, chini ya shina la mkia wake, ana kifuko kidogo, na ndani ya kifuko hicho amepanga vipokezi, yaani protini zilizo kama milango, zenye umbo la kushika haptoglobini iliyobeba himoglobini. Akishaishika huimeza. Ndivyo anavyokula katika damu ya ng'ombe, na ng'ombe hana la kumfanya.

Katika damu ya mwanadamu iko protini nyingine inayofanana na haptoglobini kama pacha. Nayo huishika himoglobini vilevile. Mlango wa kimelea hauwezi kuwatofautisha mapacha hawa, ukampokea huyu kama ulivyompokea yule. Lakini pacha wa pili haji peke yake. Amepanda juu ya chembe ya mafuta na protini, mojawapo ya zile ambazo daktari anapopima lehemu huziita lehemu nzuri, na juu ya chembe hiyo hiyo amepanda pia abiria wa tatu, protini iitwayo APOL1. Mwaka 1978, mtafiti Mary Rifkin wa New York ndiye aliyeonesha kwamba nguvu ya kuua vimelea imo katika chembe hizo za lehemu. Mlango wenyewe ulielezwa na watafiti wa Brussels, Ubelgiji, mwaka 2008.

Kimelea akishameza mzigo huo, huupeleka katika kifuko chake cha kumeng'enyea, mahali palipo na uchachu kama wa ndimu. Uchachu huo huibadilisha APOL1. Hujipenyeza katika ngozi ya kifuko na kutoboa tundu. Chumvichumvi huingia, maji hufuata, kifuko huvimba, na kimelea hufa kutoka ndani. Yote haya hutokea katika damu ya mtoto wa mfugaji siku ile ile aliyoumwa, naye hana habari, yuko mtoni anaogelea na wenzake. Subhana-Llah.

Mwenye shaka anaweza kuuliza: mnajuaje kwamba ni APOL1 na si kitu kingine? Ushahidi ulipatikana pasipotarajiwa. Mwaka 2004, mkulima mmoja wa jimbo la Maharashtra, India, aliugua homa ya kurudia kwa miezi. Damuni mwake walikutwa Trypanosoma evansi, vimelea wanaowasumbua ngamia na farasi na ambao kwa desturi hufa wakiingia katika damu ya mtu. Majimaji ya damu yake yalipochunguzwa, ilibainika kwamba nakala zote mbili za jeni yake ya APOL1, ya baba na ya mama, zilikuwa na kasoro, na protini hiyo hakuwa nayo kabisa. Watafiti walipotia APOL1 katika majimaji ya damu yake, nguvu ya kuua vimelea ikarejea. Mkulima huyo alitibiwa akapona, na habari yake ikachapishwa mwaka 2006.

Hadi hapa hadithi inamfariji mzazi. Lakini wazee wetu wanaijua malale. Katika nchi ya Busoga, Uganda, malale iliua zaidi ya watu 200,000 katika miongo miwili ya kwanza ya karne iliyopita. Na hapa kwetu, upande wa Kigoma, Tabora na maeneo ya Serengeti, ugonjwa huu umekuwa ukijitokeza kwa miaka mingi, ingawa wagonjwa wanaoripotiwa siku hizi ni wachache. Kimelea wa malale ya Afrika Mashariki, aliyeelezwa mwaka 1910 na kupewa jina la rhodesiense, ukimtazama kwa hadubini huwezi kumtofautisha na yule wa nagana. Umbo ni moja, na mbung'o anayembeba ni huyo huyo. Tofauti ni kwamba huyu damu ya mtu haimuui.

Je, alizaliwa hivyo, au kila mmoja anaweza kugeuka kuwa hivyo? Jibu la kwanza lilitafutwa katika ardhi yetu, mahali paitwapo Tinde, Shinyanga. Kuanzia mwaka 1934, vimelea vilivyotoka kwa mgonjwa wa malale vilipitishwa na mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo, mwaka baada ya mwaka, na kila baada ya kipindi vikajaribiwa kwa watu waliojitolea, ili ionekane kama bado vinaweza kumwambukiza mtu. Taarifa ya mwaka 1955 ilieleza miaka 18 ya jaribio hilo: vimelea havikuisahau damu ya mtu, ijapokuwa vilikuwa vimeishi katika kondoo muda wote huo. Sidhani kama leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti ingeruhusu jambo kama lile, na ni vyema hivyo. Lakini lilionesha kwamba uwezo huo haupotei kwa sababu tu vimelea vimeishi muda mrefu katika mnyama.

Jeni yenyewe ilithibitishwa mwaka 1998. Inaitwa SRA. Watafiti walipoihamishia kwa kimelea wa kawaida wa nagana, naye akaanza kustahimili majimaji ya damu ya mtu. Mwaka 2003, kundi la Etienne Pays la Brussels likaonesha namna inavyofanya kazi. SRA ni protini ya kimelea inayoungoja mzigo ule kwenye njia ya kuelekea kifukoni. APOL1 inapofika, SRA huishika sehemu yake ya mkiani, nyuso zao zikalingana, na sumu haipati tena nafasi ya kutoboa tundu.

Nalo chimbuko la SRA linastaajabisha. Kimelea huyu huvaa joho la protini, nakala zipatazo milioni 10 za aina moja zilizopangwa bega kwa bega mwili mzima. Kinga ya mwili wetu hutengeneza kingamwili zenye umbo la kulishika joho hilo, na zikishaanza kulishika, baadhi ya vimelea wamekwisha kubadili joho na kuvaa jingine. Anayo mitindo zaidi ya 1,000 katika vinasaba vyake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutokuwepo chanjo ya malale wala ya nagana mpaka leo. SRA ni kipande kilichokatwa kutoka katika jeni mojawapo ya majoho hayo. Kitambaa cha nguo kimegeuzwa kuwa mtego. Binamu yake wa Kongo na Afrika Magharibi, gambiense, anashambulia upande mwingine pia: pingili moja ya mlango wake imebadilika, ukawa haumshiki vizuri yule pacha, na mzigo mwingi wa sumu ukabaki nje.

Sasa tuingie Mikumi. Anayesafiri kwa basi kutoka Morogoro kwenda Iringa hukatiza hifadhi hiyo, na nyani waliokaa kando ya lami wakingoja maganda ya ndizi ni kitu cha kwanza ambacho watoto huonesheana dirishani. Mbung'o huwauma nyani vilevile. Damu ya nyani nayo ina APOL1, na katika uchunguzi uliofanywa kwa nyani wa jamii ya hamadryas, ambao ni ndugu wa karibu wa hawa wa Mikumi, APOL1 yao iliua hata rhodesiense. Sababu ni pingili chache za mkiani, ambazo kwa nyani ni tofauti na zetu. SRA inapojaribu kushika haipati pa kukamata. Sokwe wa Gombe, ambao kwa mambo mengi wanafanana na mwanadamu kuliko nyani, hawana APOL1 kabisa.

Mwaka 2009, mtafiti Jayne Raper wa New York na wenzake walitangaza kwamba panya waliopewa jeni ya nyani walistahimili vimelea wa nagana na wa malale pia. Kutoka hapo likaja wazo la kuipandikiza kwa ng'ombe. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ILRI, ikishirikiana na taasisi ya Roslin ya Scotland, ilianza kwa kujifunza kuzalisha nakala ya fahali wa Boran. Ndama huyo alipewa jina la Tumaini. Yeye alikuwa nakala tu, hakuwa na jeni ya nyani ndani yake. Je, nyama ya ng'ombe atakayewekewa jeni ya nyani italiwa na Waislamu? Hilo wanazuoni watalijadili wakati wake, na napenda walijadili wakiwa na habari kamili mkononi kabla ya uvumi kuwatangulia.

Wanadamu nao hawakubaki nyuma katika mvutano huu. Baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wamerithi APOL1 iliyobadilika kidogo, na moja ya aina hizo, iitwayo G2, imepungukiwa pingili mbili tu pale pale mkiani ambapo SRA hushika. Katika utafiti uliohusisha wagonjwa wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, waliokuwa na G2 hata nakala moja walikuwa na uwezekano mdogo wa kuambukizwa rhodesiense, takriban mara tano chini ya wenzao. Pingili mbili katika mnyororo wenye pingili karibu 400, na kamba yote ya mkonge imelegea.

Lakini kinga hii ina gharama yake. Mwaka 2010 watafiti waligundua kwamba mtu aliyerithi nakala mbili za aina hizi zilizobadilika, moja kwa baba na moja kwa mama, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua figo. Hili limeeleza kwa sehemu kubwa kwa nini Wamarekani weusi hupata maradhi ya figo kuliko wenzao weupe, jambo ambalo kwa miaka mingi lilidhaniwa ni la umaskini, chumvi na shinikizo la damu peke yake. Aina hizi zimeenea zaidi Afrika Magharibi kuliko huku kwetu. Tena wengi walio na nakala mbili huishi umri wao wote bila figo kuharibika. Nasema haya kwa sababu nafahamu tabia yetu: habari kama hii ikisikika nusu, kesho kuna posa itavunjwa. Vijana wanaopima selimundu kabla ya nikaha wanafanya jambo la busara, nami huwahimiza. APOL1 haiko katika daraja hilo, wala si sababu ya kumkataa mtoto wa mtu.

Kwa wale walioathirika figo, utafiti wa dawa umefuata njia ile ile ya kushikana. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2023, dawa iitwayo inaxaplin, molekuli ndogo iliyobuniwa kuishika APOL1 na kuziba tundu lake, ilipunguza protini inayovuja katika mkojo wa wagonjwa kwa takriban nusu ndani ya majuma 13. Majaribio makubwa zaidi yamefuata.

Wafugaji wana jambo lao hapa. Ile dawa ya unga wa manjano ichanganywayo na maji, diminazini, huingia ndani ya Trypanosoma brucei kwa kupitia mlango mwingine wa protini, ambao kimelea huutumia kujipatia chakula. Vimelea waliobadilika mlango huo hawaidhuriki kwa urahisi. Anayempa ng'ombe nusu ya kipimo kwa ajili ya kubana matumizi huwaua walio dhaifu na kuwaachia zizi wale wenye mlango uliobadilika. Kipimo cha kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, na afisa mifugo anaweza kuukadiria uzito huo kwa utepe unaozungushwa kifuani.

Ama kwa watoto na wasafiri, mbung'o huvutwa na rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, ndiyo maana mitego ya vitambaa inayotundikwa kwa ajili yao hushonwa kwa rangi hizo. Kaptura na sketi za bluu za shule si vazi la kuchungia ng'ombe kando ya hifadhi. Nguo za rangi ya udongo, zenye mikono mirefu, ni bora.

Na iwapo mtu wa nyumbani kwako amerejea kutoka Serengeti, Urambo au Kigoma, akapata homa na kuumwa kichwa, labda na kidonda chekundu kilichovimba mahali alipoumwa, na vipimo vya malaria vikawa havioneshi kitu, mwambie daktari kwa uwazi kwamba aliumwa na mbung'o na ni wapi. Kinga ya damu niliyoieleza haitoshi dhidi ya rhodesiense, na malale ya aina hii huua ndani ya miezi. Kimelea hutafutwa kwa hadubini katika tone la damu. Zamani waliofikia hatua ya ugonjwa kuingia ubongoni walidungwa dawa yenye asili ya zarniki, ambayo yenyewe iliua takriban mmoja katika kila wagonjwa 20. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limependekeza vidonge vya fexinidazole kwa wagonjwa wa rhodesiense, wakubwa na watoto kuanzia miaka sita wenye uzito usiopungua kilo 20. Humezwa kila siku kwa siku 10, na ni lazima vimezwe pamoja na chakula, kwa sababu tumbo likiwa tupu mwili hauifyonzi dawa ya kutosha. Mgonjwa aliyeanzishiwa tiba hiyo ndani ya Ramadhani asijilazimishe kufunga. Atalipa siku zake akishapona.